Kitabu cha Sita

Karanga zangu nafungia gazeti. Daftari la mtoto aliyefeli, sawa, nalinunua. Mtihani wa zamani, kalenda, bahasha za ofisini, lete. Lakini ukiniletea kitabu chenye hadithi ndani, nitakufukuza hadi barabarani na mwiko wa kukaangia mkononi, na majirani hapa Mafiga wameshaniona nikifanya hivyo. Wanasema Mwanvita uzee umempanda kichwani. Waache waseme, hawajui.

Aliyejua, kama alijua, ni Laurenti. Naye Laurenti yuko chini ya udongo kule juu ya Mlali tangu mwezi wa sita mwaka jana.

Nikueleze alikuwa nani. Laurenti alikuwa Mluguru wa mlimani, Mkatoliki wa rozari shingoni, mkulima wa kabichi na karoti. Mimi ni Mnyamwezi niliyezaliwa Kingolwira, babu yangu alikuja huku kukata mkonge asirudi tena kwao. Mnyamwezi na Mluguru ni watani, na sisi wawili utani tuliushika kama dini. Asubuhi akishusha magunia sokoni naanza mimi: "Jamani mshikeni huyo, katoka mlimani, tambarare itamwangusha!" Naye hajibu haraka, anaweka gunia chini, anajifuta jasho, ndipo anasema: "Mnyamwezi, njoo ubebe hili. Babu yako alizaliwa na mzigo kichwani." Alinizidi umri miaka kumi na mitatu. Shikamoo nilimpa siku ya Krismasi tu, na aliipokea kwa kunyoosha mguu, eti nimfute kiatu. Mshenzi yule. Nilimpenda kama kaka yangu wa tumbo moja.

Mke wake alikuwa Theresia, mwanamke mrefu, mpole, hajui kusoma hata jina lake. Kwa Waluguru ardhi ni ya ukoo wa mama, na Laurenti alilima zaidi ya miaka thelathini kwenye ardhi ya ukoo wa Theresia. Alichimba matuta, na miaka ya mwisho akapanda miparachichi kwenye kingo ili udongo usishuke na mvua. Mungu aliwapa watoto wawili na akawachukua wote wawili kabla hawajatembea. Baada ya hapo nyumba ile ilikuwa na vitu viwili tu vya kuifanya isiwe kaburi: redio, ambayo iliharibika, na vitabu.

Vitabu vyenyewe ni mfululizo wa vitabu sita, hadithi ya watu wanaosafiri angani, jina lake Mbegu za Safari Ndefu. Viliandikwa zamani na mwalimu mmoja, vikachapwa kwenye karatasi ile mbaya ya kahawia, kisha mwalimu akafa na waliovichapa wakafunga duka. Waliovisoma enzi hizo walivisoma mpaka vikachanika, ndiyo maana kuvipata ni kazi. Laurenti alivikusanya kimoja kimoja, miaka zaidi ya ishirini, kwa wauza vitabu vikuukuu mjini. Akishusha karoti, anapita kwanza kwao kuuliza. Jioni anamsomea Theresia kwa sauti. Walikuwa na sharti lao: hakuna kusonga mbele peke yako. Kurasa wanazijua wote wawili au hazijulikani kabisa.

Mwaka 2013 Theresia akaugua, na wiki hiyohiyo, baada ya kusubiri miaka sita, Laurenti akapata kitabu cha sita, cha mwisho. Hayo niliyajua baadaye, ningeyajua mapema ningekuwa mtu mwingine leo. Theresia alikufa kabla hakijafunguliwa.

Nilipanda mlimani kumzika. Sasa msibani mtani ana kazi yake. Wafiwa wanalia, mtani anafanya vituko mpaka wacheke, wasizimie kwa huzuni. Na lazima achukue kitu: sufuria, kuku, kofia ya mfiwa, chochote atakachokuta. Huo siyo wizi. Wenye msiba wanakuja kukigomboa kwa sukari au kipande cha sabuni, mtani anakirudisha huku anawatukana, na watu wanapata pumzi. Ndivyo ilivyo. Nilitukana siku ile, nikavaa gauni la Theresia nikapita nalo uani natembea kama yeye, wanawake wakacheka na machozi yao. Wakati wa kuondoka nikaona dirishani kitabu kimekaa, hakina jalada, kimevishwa gazeti. Nikakitia kwapani. Nikasema kwa sauti: "Mluguru, kitabu chako nimekamata! Njoo ugomboe!"

Laurenti alikuwa amekaa kwenye kigoda anaangalia ukuta. Hakunisikia. Na wengine walionisikia walicheka tu.

Basi nikasubiri. Mwezi, miezi mitatu. Hakuja. Nikasema moyoni, mtu ana uchungu, atakuja. Kitabu kikakaa juu ya kabati, juu yake nikaweka chupa ya mafuta ya taa, mwisho hata nikasahau kimetoka wapi. Mwezi wa nane, msimu wa maonyesho ya Nanenane, karanga zinauzika mpaka mikono inaungua, na gazeti limeniishia. Nikapandisha mkono juu ya kabati. Karatasi ya kahawia laini, inakunjika vizuri, haivuji mafuta. Nilishukuru Mungu kwa karatasi ile, wallahi, nilishukuru. Siku nne kilikuwa kimeisha.

Mwaka uliofuata ukoo wa Theresia ulichukua ardhi yao. Usiwalaumu, mke amekufa, watoto hakuna, ndiyo mila. Walimwachia mavuno ya mwisho. Laurenti akashuka na sanduku moja na vitabu vitano, akapanga chumba cha nyuma hapa kwangu. Miparachichi yake ilikuwa ndiyo kwanza imeanza kuzaa.

Miaka ikaenda. Tulitukanana kila siku, tukazeeka. Kitabu cha sita hakukitaja kamwe. Alidhani shemeji zake ndio walioondoka nacho siku ile ya msiba, na hakutaka kuusema vibaya ukoo wa mkewe. Ndivyo alivyokuwa, ulimi wa wembe kwangu, kwa wengine bubu.

Macho yakamwisha mwaka juzi. Presha ya macho, walimwambia, na alikuwa amechelewa. Siku moja baada ya adhuhuri akaja anapapasa ukuta mpaka jikoni kwangu.

"Mtani, darasa la saba ulimaliza?"

"Nilimaliza, tena na cheti. Wewe ulimaliza kuchunga mbuzi?"

"Nisomee."

Nikamwambia mimi na vyombo vya angani wapi na wapi. Nasoma Yasini, nasoma bei ya sukari, basi. Akasema, "Kurasa kumi tu. Ukichoka, choma vitabu, upikie." Nikakaa. Nikasoma kama mtoto anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Kurasa kumi zikaisha, nikasoma kumi na tano.

Niambie sasa ni kitabu gani kile! Dunia imekauka, watu elfu moja wanapanda chombo kikubwa kama mtaa mzima kuifuata nyota iliyo mbali safari ya miaka mia tatu. Yaani anayepanda anajua hatafika. Mwanawe hatafika. Mjukuu hatafika. Kila kitabu kinachukua kizazi kimoja. Cha kwanza ni cha Bibi Sabra, mtunza bustani, anayepanda chombo na debe la udongo alilolichota kwenye kaburi la mama yake. Cha pili ni cha watu ambao hawajawahi kuona mvua, wanaambiwa kuna maji yanayoanguka kutoka juu, wanaogopa. Cha tatu ni njaa. Wanakula nusu ya mbegu, na mlinzi anayewakatalia wanamuua, tena wanaomuua ni watu wazuri, ndiyo mbaya yake. Cha nne wamesahau walikotoka, wengine wanasema nyota hakuna, tumedanganywa na wazee. Na humo ndani wanaitana kwa majina yetu, wapishi wanagombana ugali uwe mgumu au laini.

Nilimuuliza Laurenti, nikiwa nimekasirika baada ya kitabu cha tatu, kwa nini mtu mzima ajisomee mateso namna hii wakati ya kwake anayo.

Akafikiri. "Mtani, vitabu vingine vinaanza na safari, vinaisha na kufika. Mimi sijafika popote. Watoto wangu sikuwalea, shamba sikulirithi, parachichi sizili. Niko katikati ya safari ya watu wengine. Ni kitabu gani kingine kimeandika habari ya mtu wa katikati, kikamwambia kazi yake ilikuwa kazi?"

Nikafungua cha nne.

Na lingine alilosema ni hili: kwamba huwezi kuruka. Ukisoma cha tano bila cha kwanza, debe la udongo ni debe tu. Ukiwa umevifuata vyote, ukiliona tena mikononi mwa binti anayeitwa Mosi, mtoto wa kitukuu cha Bibi Sabra, unalia. Nililia kweli, sufuria ya karanga ikaungua.

Cha tano kinaishia hapo. Mosi ana debe, udongo umekuwa wa kijivu kama jivu la jikoni, mbegu imebaki moja. Mbele nyota imeanza kuonekana, ndogo. Anailowesha mbegu kwa mate yake, anaichomeka kwenye udongo, anakaa chini kungoja. Basi.

"Haya, lete cha sita," nikasema.

Akaishika rozari yake.

"Mluguru, lete cha sita. Iliota haikuota?"

"Sina," akasema. "Nilikuwa nacho. Hakikuwa na jalada, nikakivisha gazeti mwenyewe. Nilikiweka dirishani ili Theresia akione akiwa kitandani. Siku ya mazishi kikaondoka. Mpaka leo sijui kama iliota."

Jamani. Niliona dirisha lile. Niliona mikono yangu inakunja karatasi ya kahawia, inakunja, inakunja, koni baada ya koni. Nikasema karanga zinaungua, nikatoka uani, na jikoni hapakuwa na karanga.

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Usiniulize kwa nini sikusema, nitakwambia mwenyewe. Sikuogopa hasira yake. Mtani hakasirikiwi, mila inakataza. Niliogopa atacheka. Ingembidi acheke! Ningesema, "Mtani, kitabu nimefungia karanga," naye angelazimika kupiga paja na kusema Mnyamwezi ameniweza, kisha aingie chumbani kwake na giza lake, na hasira hana pa kuitoa. Nilisema nitakitafuta kwanza, nikikipata nitamwambia nikiwa nacho mkononi.

Nikatafuta. Nilikwenda kwa wauza vitabu wote mjini, mmoja akaniambia mama, cha sita ndicho adimu, hata mimi nakitafuta. Nikamwambia Evance, mpwa wake Laurenti anayeendesha bodaboda, atangaze kwenye simu yake. Akapatikana mtu Dodoma mwenye cha kwanza na cha tatu. Cha sita, hakuna.

Mwezi wa nne Laurenti akaanza kukojoa damu. Hospitali wakasema saratani ya tezi dume imeshaenea mifupani, wakampa dawa za maumivu, wakamrudisha nyumbani. Alikonda mpaka rozari ikamvuka kifua. Hakulalamika maumivu. Kila nikimletea uji aliuliza lile moja tu: "Kuna habari ya kitabu?"

Siku moja Evance akaja na furaha. "Mjomba, nimempata mzee mmoja alikisoma chote zamani! Anakumbuka mwisho wake. Nimpigie simu akusimulie?"

Laurenti akatikisa kichwa. "Hapana, mwanangu."

"Si unataka kujua kama iliota?"

"Nataka kukaa na Mosi mpaka aone. Mtu akikupigia simu fulani kafa, umemzika? Umepata taarifa tu." Akapumzika kidogo, pumzi ilikuwa inamsumbua. "Na Theresia ninakwenda kumsomea nini? Taarifa?"

Evance alitoka nje akilia. Mimi nilibaki nimeshika bakuli.

Nikapekua nyumba yangu kama mwizi. Niliinua magodoro, nikamwaga makopo. Kwenye kopo la vyeti vya marehemu mume wangu, chini kabisa, nikakuta karatasi ya kahawia nimetandika kuzuia kutu. Jani moja, ukurasa wa 87 na 88. Nilibusu karatasi ile kama mwendawazimu.

Nikaenda kwake mchana uleule. Nikamdanganya, nikasema mtu wa Mlali ameliokota. Nikamsomea. Halikuwa na jambo kubwa. Watu wawili wanabishana nani abebe taa. Halafu, chini kabisa, Mosi anakohoa chumba cha pili, na mmoja anasema, mwacheni alale, amekesha na debe lake.

Laurenti akafumba macho yake yasiyoona. "Kumbe bado anangoja," akasema. "Ukurasa wa themanini na saba, bado anangoja." Aliniambia nisome tena. Nikasoma mara nne. Kisha akaomba kulishika. Akalipapasa pembe, akalileta puani, akanusa muda mrefu.

"Mtani."

"Naam."

"Hii karatasi inanuka karanga."

Mlango ulikuwa wazi kabisa. Hata mtoto angeingia. Nikasema, "Ni mikono yangu, Mluguru. Mikono ya kazi, siyo kama yako."

Akalikunja jani, akaliweka ndani ya shati upande wa rozari. "Haya," akasema. "Asante kwa kunisomea." Hakunitukana. Miaka yote ile, ilikuwa mara ya kwanza kulipa tusi langu kwa asante.

Alikufa siku ya pili yake, saa nne asubuhi, nikiwa sokoni.

Tulimpandisha mlimani, kwenye makaburi ya ukoo wa mama yake. Watu walijaa. Na wote walikuwa wanamngoja mtani. Walishanivisha kofia yake ya pama, wamenipa fimbo yake, wanasema Mama Karanga leo utuue. Nikasimama mbele ya jeneza, nikatandaza mikono, kama inavyotakiwa. Hapiti mtu mpaka mtani aseme.

Nikasema, "Laurenti! Kitabu chako cha sita nilikichukua mimi!"

Wakaanza kucheka.

"Nilikichukua dirishani siku tunamzika Theresia! Nikakichana! Nikafungia karanga, nikawauzia watu wa Nanenane, wakala, wakatupa! Wewe umekingoja miaka kumi na moja, mimi nilikuwa nakusalimia kila asubuhi!"

Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mwanamke mmoja akapiga kigelegele. Katekista mwenyewe alijifunika mdomo kwa kitabu cha sala. Nikalia, nikapiga magoti kwenye udongo ule mwekundu, nikasema ni kweli jamani, ni kweli, Mungu wangu ni shahidi, nisameheni. Na kilio cha mtani ndicho kinachochekesha kuliko vyote. Evance alikuwa anafuta machozi ya kicheko, anashika bega la mwenzake. "Mtani kaua!" anasema. "Huyu mama hana mpinzani!"

Wakaigomboa njia kwa mche wa sabuni na kilo mbili za sukari. Mimi nikaomba vitabu vitano, wakanipa bila swali, hakuna aliyevitaka. Kisha wakanishika mikono wakaniinua, wakanisogeza pembeni kwa heshima, na jeneza likapita. Jani lile la ukurasa wa 87 lilikuwa ndani, kifuani kwake. Hakuna aliyelitoa.